Sura ya Sita: Vyuma Vilivyokataa Kunyumbuka

Karakana ile ilikuwa na Mpishi, Kinyozi na Daktari, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepika, kunyoa wala kutibu. Mlinzi wa getini ndiye aliyemwambia Shangazi habari hizo, naye akacheka mpaka miwani ikamteleza puani. Kisha akakumbuka kilichomleta, akairudisha miwani mahali pake. Mmoja wa hao watatu alikuwa akabidhiwe polisi kesho mchana.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Jina hilo alitoka nalo polisi, alikofanya kazi ya upelelezi mpaka akastaafu, na alilipata kwa namna yake ya kuhoji. Hakukemea mtu wala hakugonga meza. Aliuliza tu, kama shangazi aliyekuja kukaa wiki moja na anataka kujua kila kitu cha nyumba hiyo, mpaka sufuria ile imeungulia wapi. Sasa alikuwa mpelelezi wa kujitegemea, na safari hii aliyempigia simu ni mke wa mwenye karakana.

"Mume wangu anataka kumfunga kaka yangu," mama huyo alisema. "Nenda ukaangalie. Kama kaka kakosa kweli, niambie nilie mara moja yaishe. Kama hakukosa, niambie nani alikosa, nimshughulikie mwenyewe."

Kaka huyo ndiye Mpishi.

Mwenye karakana, ambaye kila mtu alimwita Bosi, alimpokea ofisini kwake. Alikuwa mtu wa kupenda unadhifu. Nembo ya karakana, mguu mwekundu unaokimbia ndani ya duara, ilikuwa kwenye shati lake, kwenye kikombe chake, kwenye pazia, hata kwenye zulia la kufutia miguu, ingawa hapo Shangazi aliona aibu kidogo kuikanyaga.

"Shemeji yangu kanihujumu," Bosi alianza hata kabla ya salamu kuisha. "Mtu nimemuoa dada yake, nimempa kazi, leo ananigeuka."

"Kazi ulimpa kabla ya kumuoa dada yake au baada?"

"Baada."

"Basi aliyeanza kutoa ni yeye. Haya, nionyeshe."

Bosi akasukuma trei mezani. Ndani yake mlikuwa na viungio vya kijivu, kila kimoja ukubwa wa kikombe cha kahawa, chini bapa na juu mviringo. Hivyo ndivyo vitu vilivyotengenezwa na karakana ile, vya kuunganisha mguu wa bandia na goti la mtu. Hawakuvichonga wala kuvimimina kwenye kalibu. Mashine ya kuchapa vyuma ilitandaza unga wa titani, chuma chepesi na imara, utando mwembamba kuliko unywele, mwanga wa leza ukauyeyusha pale palipotakiwa, kisha unga mwingine juu yake, na mwingine, mpaka kiungio kikasimama chenyewe juu ya sahani nene ya chuma. Pembeni ya viungio, juu ya sahani hiyo hiyo, mashine ilijenga pia vijiti vichache vya kupimia. Vijiti hivyo vikivutwa mpaka vikatike, ndivyo vinavyosema kama ndugu zao wanafaa kubeba mtu.

"Vijiti vya sahani hii vimekatika kama biskuti," Bosi alisema. "Na viungio vyenyewe vimepindwa. Tazama. Mtu kavipiga nyundo usiku. Bahati nzuri Daktari alivipima kabla havijatoka. Ungekuwa mguu wa mtu, mama. Mtu angeanguka barabarani."

Hapo Shangazi hakutania. Alichukua kiungio kimoja akakilaza juu ya kioo cha meza, akakigusa kwa kidole. Kikayumba. Akachukua cha pili, nacho kikayumba. Cha tatu vilevile. Akatoa lenzi yake mkobani, akakizungusha kila kimoja taratibu huku Bosi akihema kwa kukosa subira.

"Kingo zimenyanyuka juu," alisema mwishowe. "Zote. Hakuna hata kimoja kilichoinama chini."

"Ndiyo nasema kavipiga."

"Nyundo ina adabu gani ya kupinda vyote upande mmoja na isiache hata mkwaruzo? Kwa nini unamshuku yeye?"

Bosi akahesabu kwa vidole. Kwanza, Mpishi alikuwa fundi wa tanuri, na kazi yake ilikuwa kuvipika viungio vikishatoka kwenye mashine. Moto ukikosewa, titani inaharibika. Pili, aliomba ukubwa wa zamu mwezi uliopita akanyimwa. Tatu, alikuwa akitengeneza mapambo ya wanawake kwa siri, ya titani, yenye rangi ya buluu.

"Na rangi ya buluu inapatikana pale tu titani ya moto inapokutana na hewa," Bosi alisema, akiegemea kiti chake kwa ushindi. "Tanuri letu halina hewa ndani, inanyonywa yote kabla ya kuwashwa. Shemeji kalifungua likiwa moto ili apate hereni. Hewa ikaingia, titani ikala hewa, ikawa ngumu na kukatika ovyo. Kesho mchana nampeleka polisi. Ila kwanza atasimama uwanjani aombe radhi mbele ya kila mfanyakazi, kama nilivyomtangaza mhujumu mbele yao."

"Na ikiwa aliyeharibu ni mwingine?"

"Ataomba radhi huyo mwingine. Mahali pale pale."

"Hata awe nani?"

"Hata awe nani."

Shangazi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei nzuri sokoni na hataki muuzaji aifikirie tena. Akaomba kupelekwa kwa Kinyozi.

Kinyozi alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na kazi yake ilikuwa kuvitenganisha viungio na sahani kwa msumeno wa waya. Alisimama mbele ya mashine yake kama mama mwenye mtoto anayesingiziwa.

"Waya wangu hauna tatizo," alisema.

"Sijasema una tatizo."

"Watu wanasema."

"Mimi sijafika kwa hao watu. Niambie siku ulipokata sahani ile."

Kinyozi akakuna shingo. "Siku ile, Shangazi, nilikuwa kama nakata kitu chenye roho. Waya ukifika katikati, unabanwa. Nikiusukuma, kile kiungio kinanyanyuka chenyewe, kingo juu, halafu kinaruka pa. Kimoja kilinipita sikioni hapa. Nilidhani nimerogwa."

"Kwa kawaida vinaruka?"

"Kwa kawaida vinatulia kama mtu anyolewaye ndevu."

"Ulimwambia nani?"

"Mke wangu."

"Mke wako anafanya kazi hapa?"

"Hapana. Lakini ningemwambia Bosi, angesema waya mbovu, na kosa lingekuwa langu. Kumbe kosa nililolikwepa ndilo leo limemwangukia Mpishi." Akaona haya. "Hilo halijakaa vizuri."

"Halijakaa vizuri kabisa," Shangazi alikubali. "Kwa hiyo vilipinda mikononi mwako, mchana, wewe ukiona. Nyundo hakuna. Sahani uliitoa wapi?"

"Kwenye toroli la Mpishi, kama siku zote."

Nyundo ikawa imekufa pale pale, na Shangazi akaizika bila matanga. Akaenda kwa Daktari.

Daktari alikuwa binti msomi wa vyuma, mwenye koti jeupe na kucha fupi, na chumba chake kilikuwa kisafi mpaka Shangazi akajipangusa viatu mara mbili. Katikati ilisimama mashine ya kuvuta, nguzo mbili na mataya mawili yanayotazamana. Masikioni mwa Daktari kulikuwa na hereni ndogo. Za buluu. Shangazi aliziona, akauliza mambo mengine kwanza.

"Nieleze kama unavyomweleza bibi yako. Vijiti vilikosa nini?"

"Havikukosa nguvu," Daktari alisema. "Hapo ndipo watu wanapotea. Nguvu vilikuwa nazo kupita kiasi. Vilihimili mzigo mkubwa kuliko vijiti vyetu vya kawaida." Alifungua droo, akatoa vijiti viwili vilivyokatika. "Hiki ni kizuri, cha mwezi jana. Kabla ya kukatika kilivutika, kikajitengeneza kiuno hapa, kikasogea na mzigo mpaka kikachoka. Hiki ni cha sahani mbaya. Hakina kiuno. Kilishikilia, kikashikilia, kikakatika bila kuaga."

Shangazi alivipokea. Kile kizuri kilikuwa kimekonda mahali pa kukatikia kama ulimbo uliovutwa. Kile kibaya kilikatika mkato mmoja, uso wake tambarare.

"Kwa mguu wa mtu, kipi bora?"

"Kinachonyumbuka. Mtu hatembei kwa upole siku zote. Anajikwaa, anaruka mtaro, anakimbilia basi. Kiungio chenye nguvu tupu kitasimama imara mpaka siku ile moja. Chenye mnyumbuko kitapinda, mwenyewe ataona, atakuja tukibadilishe."

"Unga ungekuwa mbovu?"

"Unga uliorudiwarudiwa unakula hewa, na ungeleta matokeo kama haya. Nilishaupima. Kopo lilikuwa jipya, unga safi."

"Na tanuri lililofunguliwa likiwa moto?"

Daktari akafunga droo. "Nalo lingeweza."

"Likaacha rangi. Kama hizo hereni."

Mkono wa Daktari ukapanda sikioni bila kutumwa. "Ni zawadi."

"Sikuuliza kama umeziiba, mwanangu."

Binti akakaa juu ya stuli. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Mimi ndiye niliyevivuta vile vijiti. Mimi ndiye niliyempelekea Bosi matokeo, na nilijua atamwangukia nani. Ningeyaficha siku mbili tatu, labda jambo lingejulikana lenyewe. Sikuweza. Kuna mtu angevaa kile kiungio. Tangu siku hiyo Mpishi hajanilaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo linaniumiza zaidi."

"Unampenda?"

"Hilo ni swali la upelelezi, Shangazi?"

"Hapana. Hilo nimeuliza kwa faida yangu."

Daktari akacheka huku akijifuta macho, na jibu likawa limepatikana. Shangazi akaomba kuona kijiti kibaya kwa lenzi, nje na pale kilipokatikia. Kijivu. Kijivu tupu, hakuna manjano, hakuna buluu, hata kivuli chake. Akauliza kama kuna kingine cha sahani ile ile ambacho hakijavutwa. Kilikuwepo kimoja, cha akiba.

"Kitunze kama yai," alisema.

Mpishi alikuwa nje ya chumba cha tanuri, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, maana Bosi alishampiga marufuku kugusa kitu. Lilikuwa jitu la mtu, mabega kama mlango, na lilisimama kwa heshima.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Hereni ulizitengenezea wapi?"

Mpishi akatazama chini. "Nyumbani. Jikoni kwangu, kwenye moto wa gesi. Titani ile ni vipande vya takataka, vile vinavyofagiliwa chini ya msumeno. Niliomba kwa Kinyozi. Unakishika kipande kwa koleo juu ya moto, kwanza kinakuwa manjano, kisha zambarau, kisha buluu. Ukizubaa kidogo buluu imepita. Nimeunguza koleo la jirani na nyusi zangu zote za kushoto kabla sijapata jozi inayofanana."

Shangazi akamtazama usoni. Kweli, nyusi moja ilikuwa ndiyo kwanza inaota.

"Kwa nini hukumwambia Bosi hivyo?"

"Angeniuliza ni za nani. Na huyo niliyempa bado sijamwambia kwa nini nimempa." Akaigusa ile nyusi. "Nilipanga kumwambia Jumapili. Sasa mtu anayepelekwa polisi anamchumbia nani?"

Nyusi peke yake haikutosha kuwa ushahidi, kwa hiyo Shangazi akamwambia afungue tanuri, asiguse kingine. Mlango mzito ukafunguka. Ndani, kuta zilikuwa zinang'aa kama bati jipya.

"Hewa ikiingia likiwa moto, kuta zinakuwaje?"

"Zinapauka na kuwa na madoa ya rangi, na hayatoki ng'o. Kila fundi akija kuliangalia anaanzia hapo."

Hereni nazo zikazikwa kando ya nyundo. Shangazi akavuta ile ndoo, akakaa yeye.

"Sasa nifundishe upishi. Kitu kikitoka kwenye mashine ya kuchapa kina shida gani mpaka kipikwe?"

"Kimeyeyuka na kuganda kufumba na kufumbua, utando juu ya utando," Mpishi alisema, na sasa sauti yake ilipata uhai. "Kila utando unamvuta mwenzake. Kinatoka kigumu, kina nguvu, lakini kimejikaza chote, kama mtu aliyelala na hasira. Nikikipasha moto mkali muda mrefu, kisha nikakiacha kipoe polepole, kinalegea ndani. Nguvu inapungua kidogo tu. Mnyumbuko unarudi. Kikiwa bado kimeshikwa na sahani hakipindi. Lakini ukikitenganisha kikiwa kibichi…"

"Kinanyanyuka kingo," Shangazi alimalizia, "na kumpita Kinyozi sikioni."

Wakatazamana. Mpishi akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Mimi sahani ile niliipika. Naapa niliipika."

"Kilichopikwa na kibichi vinatofautiana kwa macho?"

"Hata kidogo. Moto usio na hewa haubadilishi rangi."

"Sasa unatofautishaje? Mna alama?"

"Tuliwahi kuandika kwa chaki. Bosi akakataa, akasema tunachafua vifaa vyenye nembo. Basi tukawa na desturi yetu. Toroli linasimama pale pale siku zote, kati ya tanuri na dirisha. Sahani mbichi upande wa ukuta, zilizoiva upande wa dirisha. Mimi nachukua za ukutani, Kinyozi anachukua za dirishani. Miaka yote hatujakosea. Hata usingizini siwezi kukosea."

Toroli lilikuwa pale, kati ya tanuri na dirisha, la chuma, rafu zake zikigawanywa katikati na ubao. Pande zote mbili lilichorwa nembo, mguu mwekundu unaokimbia. Shangazi alilizunguka mara moja. Akalizunguka tena, akivuta hatua kama anayepima kitambaa. Jua la alasiri lilipita dirishani likapiga upande mmoja wa toroli, na mguu wa upande huo ulikuwa mwekundu kama ulipakwa jana. Upande wa pili, ule uliotazama ukuta, mguu ulikuwa umepauka ukawa rangi ya ufizi.

"Ukuta wenu huu," alisema, "huwa unapigwa na jua?"

"Ukuta? Jua litapitia wapi?"

"Ndicho ninachojiuliza. Kabla ya sahani ile kukatwa, nani aliingia humu ninyi mkiwa hampo?"

Mpishi akafikiri. "Walikuja wageni wa Bosi, kutembezwa. Sisi tuliambiwa tukasubiri kantini, tusiharibu mandhari. Sahani mbili zilikuwa kwenye toroli, moja mbichi, moja imeiva. Tuliporudi, nilichukua ya ukutani nikapika, Kinyozi akachukua ya dirishani akakata."

"Naam," Shangazi alisema, akanyanyuka kwenye ndoo huku magoti yakilalamika. "Usiliguse toroli. Na uchane nywele, kesho utakuwa na watazamaji."

Bosi alipoambiwa kuwa kile kijiti cha akiba kipikwe, alibisha mpaka akaishiwa pumzi.

"Kitu kilichoharibika kitapikwa ili iweje?"

"Ndiyo jaribio lenyewe. Kama titani ililishwa hewa, moto hauwezi kuitoa. Kesho kitakatika kama wenzake, na mimi mwenyewe nitampeleka shemeji yako kituoni. Kama kilikuwa kibichi tu, kitaiva."

"Na akikichezea?"

"Atakiingiza mbele yako. Funguo za chumba utalala nazo."

Bosi alilala nazo, na inasemekana alizitia ndani ya foronya.

Asubuhi karakana nzima ilijaa kwenye chumba cha Daktari, waliokosa nafasi wakachungulia mlangoni. Mpishi alisimama nyuma kabisa, lakini kwa mwili ule nyuma hakukumficha. Daktari akakibana kijiti kwenye mataya. Akaificha mikono mfukoni, akaitoa tena maana alihitaji kubonyeza kitufe.

Mashine ikaanza kuvuta. Kwenye kioo, mstari ulipanda kama mtu anayepanda ngazi. Ukafika pale ambapo vile vingine vilivutika kidogo tu kisha vikakatika, na Kinyozi akafumba macho. Hakikukatika. Mstari ukaacha kupanda, ukalala, ukaanza kwenda pembeni. Kijiti kilikuwa kinarefuka. Katikati yake kikajibana taratibu, kikakonda, kikapata kiuno.

"Kinanyumbuka," Daktari alisema, na hakumwambia mtu yeyote, alijiambia mwenyewe.

Kilipokatika hatimaye, kilifanya mlio mdogo tu. Akakipima, akasoma kwa sauti iliyokuwa inajitahidi kuwa ya kazini. "Nguvu imepungua kidogo, iko pale tunapoitaka. Mnyumbuko umezidi wa wale wenzake zaidi ya mara mbili. Ni kijiti kizuri."

Kelele zikapigwa mpaka Bosi akalazimika kuinua mikono. "Sawa, sawa. Kilikuwa kibichi. Basi shemeji hakukipika. Uzembe ni uzembe vilevile."

"Alipika," Shangazi alisema. "Alipika sahani ambayo ilikuwa imeshaiva, na Kinyozi akakata ambayo ilikuwa mbichi. Wote wawili walichukua mahali wanapochukua siku zote. Mahali ndipo palipohama. Mtu aligeuza toroli, ukutani pakawa dirishani. Upande uliopaukia juani miaka yote sasa unatazama ukuta, kautazame mwenyewe."

"Aligeuza nani?" Bosi aliuliza, uso umekunjamana. "Nitajie. Si nilisema, hata awe nani."

"Ulisema. Nisaidie jambo moja. Wageni wako walipopiga picha kule kwenye tanuri, walisimama wapi?"

"Dirishani, ndipo penye mwanga mzuri."

"Kwa hiyo kwenye picha unaonekana upande wa toroli unaotazama dirisha. Nembo ilitokaje?"

"Ilitoka safi sana, nyekundu, inang'aa, kwa sababu ule upande uliopauka nili…"

Mdomo wa Bosi ulibaki wazi kidogo, na mtu alisikika mlangoni akisema polepole, "Mama yangu wee."

"Nililizungusha tu," Bosi alisema. "Nembo ilikuwa imepauka. Niliona aibu mbele ya wageni. Sikujua kama pande zina maana."

"Hukujua kwa sababu hujawahi kuuliza," Mpishi alisema kutoka nyuma. Hakupaza sauti, lakini alikuwa na hasira, na aliiachia ionekane. "Wiki nzima umeniita mhujumu. Dada yangu hali, halali. Watu wamenipita kantini kama nina ukoma. Sitaki unipe ukubwa wa zamu, sitaki chochote. Uliniitia watu uwanjani. Waite tena."

Bosi aliangalia chini, akaangalia nembo kwenye shati lake. Kisha akatoka, akapita katikati ya watu, akaenda uwanjani na kusimama juani, na wote wakamfuata. Aliwaeleza. Alieleza toroli, picha, rangi, na akasema nisamehe mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya bosi, ya pili ilikuwa ya shemeji, ya tatu ilikuwa ya mtu aliyekosa, na hiyo ndiyo Mpishi aliyoipokea. Akamwendea akamkumbatia, na kwa muda Bosi hakuonekana kabisa, zilibaki soli za viatu tu.

"Na chaki?" Kinyozi aliuliza kutoka mbali.

"Andikeni kwa chaki," Bosi alisema ndani ya kifua cha shemeji yake. "Andikeni hata juu ya nembo."

Ile sahani iliyopikwa mara mbili, Daktari alisema, huenda imelainika kidogo lakini ataipima kwanza. Viungio vilivyopinda vitachapwa upya. Alisema hayo yote bila kumtazama Mpishi, kisha akamtazama, akavua hereni moja na kumwekea kiganjani.

"Hii ya kulia buluu yake imezidi kidogo," alisema. "Irudie. Jumapili nitakuwa nyumbani, uilete mwenyewe."

Shangazi alikuwa ameshafika getini. Alitoa simu, akampigia mke wa Bosi, naye akapokea hata haijalia vizuri.

"Kaka yako ni mweupe kama pamba," Shangazi alimwambia. "Hana kosa lolote."

Upande wa pili kulisikika pumzi ndefu, kisha kilio kidogo, kisha pua ikifutwa. Sauti iliporudi ilikuwa imekauka na imejipanga.

"Ahsante, Shangazi. Sasa nitajie aliyekosa. Anaishi wapi?"

"Huna haja ya kumtafuta, mama. Mwandalie chakula cha mchana tu, atakuja mwenyewe."